Gari Lililokataa Ubani

Sheikh Muzafaru alivuta ncha ya kilemba chake taratibu, akaifikisha puani, kisha akajifanya anakohoa. Wahab aliona yote kwenye kioo cha juu. Walikuwa hawajafika hata mzunguko wa Nalufenya, na tayari sheikh alikuwa ameshusha kioo cha dirisha mpaka mwisho, ametoa kiwiko nje, anausifu upepo wa Mto Naili, ambao siku hiyo haukuwa umevuma hata kidogo. Alipofikishwa kwake alishuka kwa haraka isiyolingana na magoti yake. Kila Ijumaa alikuwa na desturi ya kuinama dirishani na kumwombea dua mwenye gari. Safari hii dua aliiomba akiwa ng'ambo ya barabara.

Wahab aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Alikuwa muuza mapazia mwenye duka la kupendeza mjini Jinja, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi mara mbili, na gari lile la rangi ya fedha alilipenda kama alivyojipenda mwenyewe. Kila baada ya sala ya Ijumaa aliwapa watu lifti. Tusimwonee: alikuwa mkarimu kweli. Lakini pia alipenda kuonekana akiwa mkarimu, na mtu wa namna hiyo ukimtia harufu mbaya garini umemvua nguo sokoni.

Harufu yenyewe ilianza siku chache baada ya Idd Kubwa. Mwanzoni ilikuwa kama ya tambara la kudekia lililosahauliwa kwenye ndoo. Halafu ikawa ya mtaro. Kisha ikawa ile ambayo haina jina la adabu. Wahab alisugua viti kwa sabuni, akamwaga marashi, akatundika kijikadi chenye harufu ya limau. Mkewe, Rania, alileta chetezo, akafukiza udi na ubani ndani ya gari milango ikiwa imefungwa, moshi ukajaa mpaka jirani mmoja akaja mbio na ndoo ya maji. Walipofungua, uvundo ulitoka mbele na udi ukaufuata nyuma kama mpambe wake.

"La kuvunda halina ubani," Rania alisema, akifuta machozi ya moshi. "Baba Siraj, acha kufukiza. Tafuta kilichokufa."

Wahab hakuona haja ya kutafuta. Alikwisha kumpata mkosaji kichwani mwake. Siku ya pili ya Idd alikwenda Mbale kupeleka mapazia, na kwa kuwa njia ilikuwa moja, alimchukua Selpher, mama Mkenya aliyekuwa akinunua dagaa wakavu Jinja na kuwauza huko. Magunia yake yalibanwa kwenye buti kando ya majora ya vitambaa. Ukipakia samaki garini, na gari likanuka, kuna haja gani ya kumsumbua fundi?

Alimfuata sokoni mchana, wakati wanawake wa dagaa wamekaa mstari mmoja na ndimi zao zimechangamka. Hakumwita pembeni.

"Mama Selpher, mizigo yako imeniharibia gari," alisema kwa sauti ya mtu anayetaka mashahidi. "Sheikh mzima anashindwa kupanda. Kama samaki wako walikuwa wameoza, ungesema mapema nikukatalie."

Mstari mzima uligeuza vichwa. Mteja mmoja aliyekuwa ameshika kikombe cha kupimia alikirudisha guniani polepole, akaondoka. Selpher alimtazama mteja yule akienda, kisha akachota dagaa kwa kiganja, akamnyooshea Wahab.

"Nusa."

"Sikuja kunusa."

"Nusa, Bwana Wahab. Umekuja kunisema mbele ya watu, basi nusa mbele ya watu."

Hakunusa. Alirekebisha kofia yake, ambayo haikuwa imekaa vibaya, akatazama saa.

"Haya," alisema Selpher, na sauti yake haikupanda. "Mimi hapa ni mgeni, siwezi kugombana na wewe. Lakini siku utajua hiyo harufu ni ya nani, usinitafute kwa simu. Utakuja hapa hapa, na hawa wakiwepo."

Wahab aliondoka akijiambia kwamba ameshinda. Ila njia nzima alijikuta akimkumbuka yule mteja na kile kikombe.

Uvundo haukujali ushindi wake. Ulizidi, hata ikabidi alipeleke gari kwa Burhan, fundi Mnubi aliyezaliwa kwenye kambi ya jeshi, mtu anayemwita kila kiumbe "afande", hata muuza chai. Burhan aliingiza kichwa ndani, akakitoa.

"Afande, hii si samaki. Hii iko nyama. Labda panya, labda paka. Tutafungua yote."

Walifungua yote. Chini ya kiti cha mbele kulikuwa na kipande cha chapati kilichokauka, kiatu cha mtoto, na tasbihi iliyopotea tangu Ramadhani, ambayo Wahab aliifurahia akiiona dalili njema. Walitoa zulia. Walifungua njia ya hewa wakitazamia panya, wakakuta vumbi. Mwisho Burhan alizunguka nyuma, akatoa majora ya vitambaa ambayo Wahab alikuwa akiyaacha kwenye buti siku zote, akainua ubao wa sakafu unaofunika gurudumu la akiba. Alirudi nyuma mkono ukiwa puani.

Pembeni ya gurudumu kulikuwa na kifurushi. Majani ya mgomba yalikuwa yamegeuka meusi, na kavera iliyovishwa juu yake, mfuko wa plastiki wa kawaida wa dukani, ilikuwa imevimba kama tumbo. Kilifungwa kwa ukanda wa kitambaa cha kijani chenye maua meupe, uliochanwa kwenye gomesi kuukuu, lile gauni refu la akina mama. Gomesi hiyo Wahab aliijua. Alipokuwa mtoto mgonjwa alibebwa mgongoni akiwa ameegemeza shavu juu ya maua hayo hayo.

"Afande, unajua hii kitu?"

Wahab alikaa juu ya tairi lililolala chini, kanzu na yote.

Katika ukoo wao, huko Buwenge, mnyama wa Idd akichinjwa, kidari hakiliwi nyumbani. Ni cha binti aliyeolewa mbali. Maskini wana fungu lao na majirani wana lao, lakini kidari mama hukikata mwenyewe kwa kisu chake, hukipaka chumvi, hukifunga kwa kitambaa cha nguo yake ili binti autambue mkono uliofunga, kisha ndugu wa kiume hukipeleka. Maana yake kila mtu anaijua, na hakuna anayehitaji kuitamka: kwenu bado ni kwenu. Binti asiyeletewa kidari ameambiwa kitu. Na kwa desturi yao anayepokea ndiye anayepiga simu kushukuru, aliyetoa hamuulizi.

Binti wa nyumba hiyo alikuwa Ramlah, dada mkubwa wa Wahab, mjane wa Nakaloke, mbele kidogo ya Mbale. Mumewe, Nasif, alipofariki mwaka uliopita, Wahab alimtaka afunge nyumba arudi Buwenge. Ramlah alikataa. Alikuwa na shamba lake, biashara ya vitunguu, na kaburi la mumewe nyuma ya nyumba. Wahab, aliyezoea kusikilizwa dukani na nyumbani, aliona amedharauliwa mbele ya waombolezaji. "Basi usihesabu kwamba una kwenu," alimwambia pale barazani, na watu wakasikia. Ulimi hauna mfupa. Tangu siku hiyo hawakuwa wamesemezana.

Ndiyo maana mama yao, Hajati Nusifa, alimpa yeye mzigo wa Idd. Angeweza kumtuma mwingine. Alimtaka Wahab afike, abishe hodi, atoe kidari kwa mkono wake, na yale ya barazani yaishe bila kikao. Wahab alielewa vizuri sana. Na kwa kuwa alielewa, alipofika Mbale alipata kila udhuru uliokuwepo chini ya mlima Wanale: mteja anangoja, jua ni kali, barabara ina vumbi. Mfuko wa vitu alimkabidhi Shakul, kondakta wa teksi za Nakaloke, aupeleke. Alijua kwamba ndani mna mchele, sukari na kitenge, na alidhani kwamba kidari kimo humo humo.

Sasa, mbele ya buti iliyo wazi, alikumbuka. Alimwona mama yake dirishani mwa gari kule Buwenge, ameinama, vidole vina chumvi. "Cha Ramlah nimekiweka chini huko nyuma, kwenye ubaridi, damu isichafue vitambaa vyako." Yeye alikuwa kwenye simu na mteja. "Ndiyo, Mama," alisema, kama mtu anayefukuza nzi.

Hata hilo lingesameheka, maana kusahau ni ubinadamu. Lakini jioni aliyorudi kutoka Mbale mama alimpigia simu.

"Umemkuta mwenzako?"

"Nimemkuta, Mama."

"Kidari amekipokea?"

Hapo Wahab aliongeza jambo ambalo hakuna aliyemwomba. "Amekipokea. Amecheka, Mama. Amesema mkono wako bado unaijua chumvi."

Mama alicheka, kicheko ambacho Wahab hakuwa amekisikia tangu msiba. Kilimpendeza. Usiku ule alilala vizuri. Baadaye mama alipouliza mbona Ramlah hapigi simu, alimjibu kwamba ni msimu wa vitunguu, ana shughuli nyingi.

Kumbe huko Nakaloke dada yake alikuwa ameuweka mfuko mapajani, ametoa mchele, ametoa sukari, ametoa kitenge, na mkono umeshuka mpaka chini ukitafuta. Wahab aliuona mkono ule kama vile alikuwepo. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuijua, isiyo ya sheikh wala ya majirani, kwa sababu mtu pekee aliyekuwa akimtazama alikuwa yeye mwenyewe.

"Nyama ya Idd haitupwi kwa jalala, afande," Burhan alisema, akachukua jembe. Walikizika nyuma ya gereji, na Wahab alikibeba kwa mikono yake, akakataa glavu. Ule ukanda wa kijani alishindwa kuuzika. Aliusuuza bombani, na kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuuweka ambapo Rania asingeuliza, aliurudisha shimoni kando ya gurudumu.

Kesho yake alikwenda sokoni. Mstari ulikuwa umekamilika.

"Haikuwa samaki," alisema.

"Sema kwa nguvu, yule wa mwisho hajasikia," alisema Selpher.

Wahab alisema kwa nguvu. Wanawake wakatazamana.

"Ilikuwa nini?"

"Nyama."

"Ya nani?"

"Yangu," alisema, na hata hilo halikuwa kweli.

Selpher alikung'uta kikombe cha kupimia. "Hujaomba msamaha vizuri, Bwana Wahab. Bado kuna kitu umekalia. Lakini umekuja, na mimi nina kazi. Nenda."

Alikwenda. Asubuhi iliyofuata alishika njia ya Mbale, madirisha yote wazi, akavuka mafunjo na mashamba ya mpunga ya Mpologoma bila kuona kitu. Gari lilikuwa limeoshwa mara tatu, na bado lilinuka. Mkono mtupu haulambwi, alijisemea, na alipoingia Mbale alisimama buchani akanunua kidari kizuri chenye mafuta, akakizungushia majani ya mgomba. Alikwisha kuyapanga maneno: kuna mjukuu amezaliwa, mama amechinja mbuzi wa akika, amekukumbuka. Maneno hayo yalikuwa yamenyooka kabisa mpaka alipoiona nyumba.

Ramlah alikuwa uani akichambua vitunguu. Alikuwa amekonda. Alisimama, akajifuta mikono, akasema "Karibu" kama anavyokaribishwa mtu wa serikali. Alimletea kiti na maji ya kunywa. Hakumuuliza habari za nyumbani, na katika watu wao kutouliza habari za nyumbani ni tusi, au ni maumivu.

Wahab alitoa kifurushi kwa mikono miwili. "Kutoka kwa Mama."

Ramlah alifungua majani polepole. Aligeuza nyama, akapitisha kidole kwenye mfupa, uliokatwa ukanyooka kama rula.

"Siku hizi Mama ana msumeno?"

Wahab alitazama vitunguu.

"Na chumvi imemwishia?"

Mjukuu wa akika alikuwa ulimini, tayari kuzaliwa, lakini Wahab alishindwa kumtoa. Upepo mwepesi ukapita uani, ukitokea upande wa gari. Ramlah akainua uso, akanusa, akasimama.

"Dada, usifungue. Nimeosha, lakini bado..."

Alikwisha kufungua. Aliinua ubao mwenyewe, na harufu iliyokuwa imejificha chini ikapanda yote kwa pamoja. Wahab, aliyesimama mbali, aligeuza uso. Ramlah hakurudi nyuma. Alikuwa ameuona ule ukanda. Aliuchukua, akaunyoosha kati ya vidole, ua moja baada ya jingine.

"Alituma," alisema.

"Alituma, Dada. Siku ya Idd yenyewe. Alikikata, akakifunga, akaniambia alipokiweka, nami sikumsikiliza. Halafu nikaogopa kufika hapa. Nikampa Shakul mfuko." Alipiga hatua moja mbele. "Na Mama nikamwambia nimekukuta. Nikamwambia umecheka."

Ramlah alishika ukingo wa buti kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa ndani. Wahab alidhani anataka kutapika, akasogea amshike. Lakini alikuwa anavuta pumzi. Alikuwa anauvuta uvundo ule kama mtu aliyeinamia chungu cha Idd jikoni kwao, mabega yakipanda na kushuka, na machozi yakimdondokea juu ya gurudumu.

"Bannange, jamani, alituma," alirudia. "Mfuko ule niliugeuza ndani nje, Wahab. Niliukung'uta. Nikasema, kumbe hata Mama. Nikasema basi, yale ya barazani yalikuwa ya nyumba nzima."

"Yalikuwa yangu peke yangu."

Vitunguu vilibaki juani. Baada ya muda Ramlah alijifuta uso kwa kiganja.

"Ulimwambia nilisema nini?"

"Nini?"

"Kwa Mama. Nilipocheka, nilisema nini?"

Wahab alitamani ardhi impokee. "Kwamba mkono wake bado unaijua chumvi."

Ramlah aliyafikiria maneno hayo. "Ni mazuri," alisema. "Siyo yangu."

Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa gomesi, ana mkoba, na kidari cha buchani amekishika kama kitu cha kuazima. Alikipeleka kwa jirani, akamwachia na vitunguu, kisha akaja akafungua mlango wa mbele wa gari.

"Nipeleke."

"Leo? Dada, huwezi kukaa humu mpaka Buwenge. Nitakutafutia teksi nzuri, mimi nitakufuata nyuma."

"Nipeleke na gari hili hili."

Walirudi njia ile ile, madirisha wazi, nzi wawili wakisafiri nao bure. Wahab aliendesha akitazama mbele tu. Ramlah aliuzungusha ukanda wa kijani kwenye kiganja, akaukunjua, akauzungusha tena. Walipokuwa katikati ya mafunjo ya Mpologoma ndipo alipozungumza.

"Niambie tena. Alisema nini akikiweka?"

"'Cha Ramlah nimekiweka chini huko nyuma, kwenye ubaridi.'"

"Alisema 'cha Ramlah'?"

"Alisema hivyo."

"Haya," alisema, akageukia dirishani. Mbele ya Iganga alimwomba aseme tena, naye akasema.

Jua lilikuwa limelala kidogo walipoingia Buwenge. Hajati Nusifa alikuwa amekaa mkekani anamenya karanga. Alipoona ni nani anayeshuka, karanga zilimwagika. Alimkumbatia binti yake, akamshika mashavu, akamtazama kule na huku kama anamkagua asiwe amepungua kitu.

"Nilikungoja unipigie," alisema, na manung'uniko yalikuwa yamechanganyika na furaha. "Unamwambia mwenzako maneno mazuri hivyo, mimi mwenyewe huniambii?"

Ramlah alimtazama Wahab. Walipokuwa wadogo, kila alipovunja kitu, dada huyu ndiye aliyesimama mbele na kusema, "Ni paka." Wahab aliutafuta uso ule wa zamani. Ramlah hakusema ni paka. Aliketi mkekani, akaanza kuokota karanga zilizomwagika, moja moja, bila haraka.

Mama akageuza kichwa. Miaka yake yote alikuwa mtu wa jikoni, na pua yake haikuwa imezeeka.

"Wahab," aliuliza, "gari lako linanuka nini?"

Sheikh alikuwa mbali, Jinja, na mstari wa wanawake wa dagaa ulikuwa umekwisha kufunga. Pale uani hapakuwa na mtu wa kumwona ila hao wawili. Wahab alivua kofia, akaishika kifuani. Alizunguka nyuma ya gari, akafungua buti, akainua ubao mpaka mwisho.

"Mama," alisema, "njoo unuse."